Bei ya Chandarua na Jibu la Mama

Twaulizana mara kwa mara: maswali ya watafiti wanaopita majumbani huishia wapi? Kisa cha chandarua kinatosha kuwa jibu.

Katika miaka ya 1990, uchunguzi uliofanywa huku kwetu Kilifi ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban theluthi moja. Manufaa yakathibitika, likabaki suala la bei. Walikuwako wapangaji wa misaada walioshikilia kwamba cha bure hakithaminiwi: aliyelipa, japo kidogo, ndiye atakayekitundika, na aliyepewa atakitupa pembeni. Kauli hiyo ilikuwa na sura ya hekima, ila ilihitaji kupimwa.

Wataalamu wawili wa uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakaipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kwa njia ya kura, baadhi ya kliniki zilitoa vyandarua bure, nyingine zikaviuza kwa bei isiyozidi shilingi 40. Kisha akina mama wakatembelewa majumbani ionekane nani amekitundika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40, waliochukua walipungua kwa kina mama 60 katika kila 100. Na waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua. Bei ile haikuwachuja wazembe. Iliwafungia mlango wahitaji.

Utafiti mmoja hauendeshi nchi. Lakini ushahidi huu, pamoja na mwingine, uliipa nguvu hoja ya kugawa bure, na serikali ya Kenya imezigawia kaya za maeneo yenye malaria, Pwani ikiwamo.

Basi tutambue uzito wa jibu letu. Mama asemaye chandarua kimetundikwa, na hali kimekunjwa sandukuni, kwa kumstahi mgeni tu, huipotosha hesabu itakayowahukumu wenziwe. Tuseme kweli, hata ikiwa kweli hiyo ni joto la usiku au ukosefu wa pa kukifungia. Nasi tuna haki zetu: kumuuliza mtafiti ametumwa na nani na kwa lengo gani, kukataa tusiporidhika, na kudai turudishiwe matokeo. Anayetoa jibu lake anastahili kujua limefanya kazi gani.