Mcheza kwao hutunzwa, mpiganaji je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutwambia, hata hivyo, atunzwe nani pale ambapo mchezaji anaigiza shujaa ilhali shujaa mwenyewe angali hai. Swali hili limenikaa moyoni tangu sherehe za kitaifa za Madaraka zilipofanyiwa mjini Embu mwaka 2023, miaka mitano baada ya kufanyiwa katika uwanja wa Kinoru, Meru. Jibu lake halitatoka katika hotuba. Naamini litatoka katika riwaya ya kuchekesha, na ningependa mwandishi mmoja wa huko atuandikie.

Naiona hivi. Mzee mmoja wa Runyenjes alikuwa mwigizaji hodari. Ujanani aliigiza jenerali wa Mau Mau, akashangiliwa kutoka Embu hadi Chuka. Sasa ana miaka 72, goti linamsumbua na nywele zimemwisha. Maafisa wanamjia wakitaka arudie sehemu ile ile mbele ya wageni waheshimiwa. Anasukiwa nywele za katani, anakabidhiwa bunduki ya mti, na mkanda wa zamani unakataa kuzunguka tumbo. Hapo tutacheka hadi machozi yatutoke. Lakini langoni amesimama mzee mwingine, aliyepita miaka 90, ambaye alilala msituni kweli kweli. Askari wamemzuia kwa sababu hana kadi ya mwaliko. Hapo kicheko kitatukwama kooni.

Asidhani mtu kwamba natia chumvi. Mnamo Mei 2003 serikali yetu ilimleta Nairobi mkulima mzee kutoka Ethiopia, ikamlaki kwa taadhima ikiamini kuwa ndiye Jenerali Stanley Mathenge, aliyetoweka wakati wa vita vya msituni. Mzee wa watu hakujua hata Kikuyu. Baadaye ikathibitika kwamba hakuwa Mathenge. Kituko kikubwa zaidi ni kwamba siku hiyo alipolakiwa, Mau Mau ilikuwa ingali haramu kisheria. Marufuku iliyowekwa na mkoloni mwaka 1950 iliondolewa baadaye katika mwaka huo wa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Ni mtunzi gani angethubutu kubuni kisa kama hicho?

Meru nayo ina kisa chake, nacho hakichekeshi. Musa Mwariama alitoka msituni mwaka 1963 bila kukamatwa na Mwingereza, akapigwa picha akiwa na Jomo Kenyatta. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Alifariki mwaka 1989, na hadi siku hiyo sheria ilikuwa haijaacha kuwaita yeye na wenzake watu wa kundi haramu. Jenerali Baimungi, ambaye pia ni wa Meru, aliona kwamba ardhi waliyoipigania haijawarudia wenyewe, akarejea msituni. Mwaka 1965 aliuawa na askari wa nchi iliyokwisha kuwa huru. Funzo ni wazi: dola humpenda shujaa anayepigwa picha. Shujaa anayedai haki yake humwona msumbufu.

Ndiyo maana nasema riwaya ya kicheko itafaa kuliko utenzi wa sifa. Sifa zimekwisha kugeuzwa pambo la jukwaa. Marehemu Ken Walibora alitupigia mbiu katika Kidagaa Kimemwozea kupitia kwa Matuko Weye, mwanajeshi mkongwe anayeonekana mwenda wazimu, lakini akanena yale ambayo wenye akili timamu wanayaogopa. Wanafunzi wetu walimcheka, kisha wakamkumbuka.

Najua wapo watakaosema kuwa kufanyia mzaha mambo ya mashujaa ni utovu wa adabu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mzaha ni kosa unapomwangukia mzee kwa sababu ya goti lake. Unapomwangukia afisa aliyemvika katani na kumfungia mwenzake mlango, huo si utovu wa adabu, ni uadilifu. Utovu wa adabu ni kumkumbuka mzee siku moja kwa mwaka, kumpa soda na shuka, kisha kumwacha atafute nauli ya kurudi Mbeere au Tigania.

Basi nawasihi vijana wa Meru na Embu wenye kalamu waende wakaketi na wazee hao jioni, wawasikilize, wacheke pamoja nao. Aliyekuwa na miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, sasa amepita 90. Waigizaji hawatakosekana, katani ingali inalimwa. Wenye kisa chenyewe ndio wanaoondoka, na mlango wa uwanja bado haujafunguliwa kwa ajili yao.