AFYA NDANI YA JAMAA: Uvimbe katika mifupa ya shingo



Mwezi huu tunasema juu ya shingo. Mifupa yake ni 7. Wa kwanza unaitwa atlasi, wa pili aksisi. Ukigeuza kichwa kuume na kushoto, karibu nusu ya kugeuka kule inafanyika kati ya hii miwili. Ndani yake inapita ile kamba inayotoka kwenye ubongo na kuongoza mikono, miguu, hata kupumua.

Uvimbe unaweza kuota pale. Mwingine si kansere, unakua polepole tu. Mwingine ni kansere iliyotoka kwenye titi, pafu ama fasi ingine. Na sisi wa ku mine tujue: vumbi ya mawe inafungulia kifua kikuu mlango, nacho kinaweza kula mifupa ya mgongo na kufanana na uvimbe. Kwa hiyo wanganga wanapiga picha, na mara nyingi wanatoa kipande kidogo kwa kukipima.

Kwa njia ya zamani wanapasua shingo kwa kidonda kirefu. Leo, fasi kuna vyombo, munganga anaweza kupitisha bomba katika tundu dogo, akisogeza nyama pembeni, akitazama kwa mikroskopi ama kamera ndogo. Damu inatoka kidogo, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani mapema. Lakini si kila uvimbe unafaa hivyo. Mishipa ya damu ya ubongo inapita karibu. Na mfupa ukiisha kuliwa, pengine utaomba kufungwa na vyuma.

Alama ni hizi: maumivu ya shingo yasiyoacha hata usiku, mikono kufa ganzi, vitu kuponyoka mukononi, miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo.

Ukiona hayo, usiseme mbio kwamba ni bulozi. Usimupe mutu shingo yako ainyongoe. Wala musimufunge mgonjwa katika chumba cha maombi mpaka ashindwe kutembea; kamba ile ikibanwa siku nyingi, hata kupasuliwa pengine hakurudishi nguvu.

Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamusikia. Lakini Isaya aliagiza vilevile tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38). Maombi na dawa vilikaa nyumba moja. Basi ninyi vijana, baba akisema shingo inamuuma kila usiku, ombeni pamoja naye, na kesho yake asubuhi mumupeleke lopitali.