Usilaumu rimu, mwavuli ndio unakupeperusha

Pita steji yoyote ya boda na hutakosa wawili wanaobishana kuhusu rimu. Mmoja atakuapia kwamba ukitoka na rimu za sporti kwenye barabara iliyo wazi, upepo wa ubavuni utakurusha mtaroni, afadhali spoki zinazopitisha hewa. Mwenzake atasema spoki ni za wazee. Mjadala ni mtamu, lakini wote wawili wameketi chini ya kitu kinachowahatarisha zaidi: mwavuli.

Tuanze na rimu, maana yule wa kwanza hajakosea kabisa. Gurudumu lililozibwa kama sahani linashika upepo kuliko lenye nafasi. Shida kubwa iko kwenye gurudumu la mbele. Lile la nyuma limefungwa kwenye fremu, haligeuki, kwa hivyo upepo ukilipiga unasukuma nduthi yote tu. La mbele linageuka pamoja na usukani, na ekseli yake iko mbele kidogo ya mstari ambao usukani unazungukia. Upepo ukilisukuma, unakugeuzia usukani bila kukuomba ruhusa.

Harley-Davidson walitoa Fat Boy mwaka 1990 ikiwa na magurudumu yaliyozibwa, lakini hiyo ni pikipiki nzito sana, si kama ya boda. Kwa baiskeli, ambazo ni nyepesi, mambo ni magumu zaidi. Mashindano ya Ironman kule Kona, Hawaii, yamewahi kukataza magurudumu ya sahani kwa sababu ya upepo wa huko.

Sasa angalia rimu za sporti tunazouziwa hapa. Zina mikono mitano au sita hivi, na katikati ni wazi. Tofauti yake na spoki, upepo ukivuma, ni ndogo mno.

Hebu tupige hesabu. Haihitaji digrii, na mimi mwenyewe sina. Gurudumu la boda lina kipenyo cha kama sentimita 60. Hata ukiliziba lote, upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga ubavuni unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa pakiti moja ya unga ya kilo mbili. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne, yaani pakiti nne. Hiyo ni rimu iliyozibwa kabisa. Yako ina nafasi, kwa hivyo inasukumwa kidogo kuliko hapo.

Mwavuli je? Ni turubai pana, tena limekaa juu kabisa. Ukitaka kuangusha nguzo hausukumi mguuni, unasukuma juu. Upepo nao unafanya vivyo hivyo. Na kama vyuma vyake vimefungwa kwenye usukani, kila dhoruba inayotikisa turubai inatikisa mikono yako pia. Weka abiria nyuma, ongeza gunia au godoro lililofungwa kwa kamba, halafu shika barabara ya Kitengela kuelekea Namanga au ile ya Mai Mahiu. Upepo ukitoka kulia na lori likupite, kwanza linakukinga. Likishapita, upepo unakurudia wote kwa mpigo, na wewe ulikuwa umeshaegemea upande mwingine.

Najua utakachoniambia. Jua ni kali, mvua haina huruma, na mteja anapenda boda yenye kivuli. Ni kweli, na mwenye kukaa ofisini asikucheke. Mtaani, ukienda polepole kati ya majumba, baki nao. Lakini ukitoka kwenye barabara wazi yenye malori, ukunje au uuvue. Koti la mvua halipinduliki. Na nyinyi mnaotengeneza miavuli hii, tuundieni inayokunjika kwa dakika moja, maana ile ya kufungua kwa spana hakuna mtu ataivua njiani.

Pesa za kubadilisha rimu, nunua tairi nzuri na helmeti ya pili ya abiria. Ukibaki na spoki, zikaguliwe na fundi, kwa sababu spoki iliyolegea ni hatari hata siku isiyo na upepo. Na upepo ukikupata, punguza kasi, bana tangi kwa magoti, legeza mikono kidogo, egemea upande unakotoka upepo, na usipande ukingoni mwa lami.

Nawe abiria, una sauti. Kabla ya kupanda kwenda safari ya mbali, mwambie dereva avue mwavuli. Akikataa, panda matatu. Mkifika salama mtaendelea kubishana kuhusu rimu, hakuna aliyewakataza.