Kofia ya Felti na Gharama ya Ulaini Wake

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtu akipapasa kofia nzuri ya felti iliyo laini kama mahameli, huenda akadhani kwamba methali hiyo yaihusu kofia nayo, na kwamba ulaini ule ni kitambaa kilichobandikwa juu. Sivyo hata kidogo. Felti haifumwi, wala hapana kitu kinachobandikwa juu yake. Vinywele vyororo vinavyoonekana ni manyoya yale yale yaliyofanya mwili wa kofia, ambayo fundi ameyavuta nje kwa ustadi.

Felti bora hufanywa kwa manyoya ya sungura. Ya bei nafuu hufanywa kwa sufu ya kondoo. Kila unywele una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho matupu. Manyoya yakitiwa maji ya moto, yakasuguliwa na kugandamizwa, hushikana hata yasiweze kuachana tena. Kiwandani hupeperushwa juu ya pia kubwa ya shaba yenye matundu, na upepo unaovutwa kutoka ndani huyanasa hapo. Kisha hunyunyiziwa maji ya moto. Pia hiyo ya manyoya huwa kubwa mara mbili au zaidi kuliko kofia itakayotoka. Basi huviringishwa na kukandwa katika maji ya moto mpaka isinyae na kukaza. Baadaye hutiwa rangi na kuvikwa juu ya kalibu ili ipate umbo la kichwa.

Hapo ndipo kazi ya uso inapoanza. Fundi akitaka uso ulio sawa, huizungusha kofia kwa mashine na kuisugua kwa msasa hata vinywele vilivyochomoza vikatike. Jina hilo la msasa litawakumbusha wengi mti ule ambao majani yake yenye kukwaruza hulainishia mbao. Kazi ni ile ile. Akitumia msasa mwororo zaidi, kwa mkono mwepesi, husimama vinywele vifupi sana, na kofia ikafanana na upande wa ndani wa ngozi laini.

Uso wa namna ya mahameli, uitwao velua, wataka subira zaidi. Vinywele huinuliwa tena na tena kwa brashi ngumu au kwa ngozi ya papa, kisha hukatwa viwe na urefu mmoja. Mji wa Nový Jičín katika nchi ya Cheki, ambao kazi yake ya kofia huhesabiwa tangu mwaka 1799, umepata sifa kwa kofia za namna hiyo. Namna nyingine Wafaransa wameiita soleil, yaani jua: vinywele virefu hulazwa upande mmoja kwa brashi na pasi ya moto, hata vikang'aa kama hariri.

Lakini ulaini huo uliwahi kuwa na gharama kubwa. Manyoya ya sungura ni laini mno na hayashikani upesi. Kwa hiyo, tangu karne ya 18, ngozi zilipakwa zebaki iliyoyeyushwa katika asidi, na ncha za manyoya zikageuka rangi ya karoti. Zebaki ilibaki ndani ya manyoya, na kila yalipopata moto ilitoka pamoja na mvuke. Hivyo hata fundi wa msasa na pasi, ambaye hakuishika zebaki kwa mkono wake, aliivuta kwa pumzi. Mikono ilitetemeka, ufizi ukavimba, meno yakalegea, na mtu mpole akawa mwenye hasira na haya nyingi.

Mwaka 1860 daktari J. Addison Freeman wa New Jersey, Marekani, aliandika habari za ugonjwa huo. Katika Danbury, mji mashuhuri kwa kofia, watu waliuita mtetemeko wa Danbury. Hata hivyo viwanda vya Marekani havikuacha zebaki mpaka mwaka 1941, yaani miaka 81 baadaye, ingawa dawa nyingine zilipatikana za kufanya kazi ile ile. Methali ya mkakasi, basi, haikuihusu kofia. Kilichofichwa kilikuwa ndani ya mwili wa fundi.

Mwenye kofia ya felti na aitunze. Aipige brashi laini kwa kufuata upande vinywele vilikolala. Ikinyeshewa, aiache ikauke polepole mbali na moto. Vinywele vikilala vibaya, aishike juu ya mvuke wa birika, kisha aipige brashi tena. Vitasimama, kwa maana ni manyoya ya kofia yenyewe.