Mshauri Hayumo Pichani

Ingia duka lolote sokoni Wote au Mwingi, Rais utamkuta ukutani, juu ya rafu ya sukari, anatazama wateja. Anayemnong'oneza humwoni. Na mnong'ono huo umetoka kwetu Ukambani, tena si mara moja. Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria, alipopoteza ubunge wa Makueni mwaka 2007, Rais Kibaki alimchukua awe mshauri wake wa mambo ya katiba. Mei 2025 ikawa zamu ya Kitui: Makau Mutua, naye profesa wa sheria, akateuliwa kumshauri Rais Ruto juu ya mambo hayo hayo ya katiba.

Toleo hili la picha limeanzia hapo. Tafuta picha ya mshauri akiwa kazini. Utapata salamu za mikono, utapata makochi, meza iliyofutwa ikang'aa na chupa ya maji isiyofunguliwa. Tarehe 27 Agosti 2010, Uhuru Park, Kibaki aliinua katiba mpya na kamera zote zikamfuata. Ile picha ya watu wakibishana juu ya kifungu, karatasi imechorwachorwa kwa kalamu nyekundu, kama ipo, nani anayo? Wapigapicha wa Ikulu si wavivu. Wametumwa sherehe, wanaleta sherehe.

Tutaambiwa ushauri ni siri. Tarehe 1 Mei 2011 Pete Souza, mpigapicha rasmi wa Obama, aliwanasa wakubwa wa Marekani wakifuatilia uvamizi wa maficho ya Osama bin Laden. Rais kajikunyata pembeni, kiti kikuu kakalia mwanajeshi, Hillary Clinton mkono mdomoni. Karatasi iliyokuwa mbele ya Clinton ilitiwa ukungu kabla picha haijatolewa, nyuso ziliachwa. Wala hao si malaika: mwaka 2013 vyombo vya habari viliandika barua kulalamika kwamba wapigapicha wao hufungiwa nje huku picha za Souza zikigawiwa bure. Picha ya serikali ni ya serikali. Hata hivyo inakuonyesha nani alikuwemo chumbani, nasi hata hilo hatuna.

Kifungu cha 35 cha katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mshauri analipwa kwa kodi yetu. Basi apigwe picha akifanya kazi, iandikwe tarehe na majina ya waliokaa mezani, ipelekwe Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, hata ikibidi ifungiwe miaka thelathini.

Kichekesho ni kwamba Kibwana huyo huyo, alipokuwa gavana wa Makueni kuanzia 2013 hadi 2022, aliutoa ushauri uani. Miradi ilijadiliwa na wananchi katika mikutano iliyoanzia kijijini. Picha za mikutano ya namna hiyo tumezizoea: mama kasimama, kidole juu, na afisa wa kaunti kainamisha kichwa, anaandika.