Jogoo Amekufa, Twende Bondeni

Msomaji, huenda likizo hii watoto wamefika kwa nyanya yao Nyamira wakamkosa jogoo waliyemzoea. Ugonjwa wa kideri umemmaliza. Usikimbilie soko la Kisii kununua mwingine ili wanyamaze. Waache walie, kisha uwapeleke bondeni alfajiri. Wakibahatika watamwona korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda. Waeleze kwamba tangu 2012 ametajwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, kwani hutaga kinamasini, na vinamasi vya Gusii vinakaushwa kwa mikaratusi. Mtoto aliyefiwa na jogoo ataelewa. Kuku hukingwa kwa tone la chanjo jichoni. Korongo hukingwa kwa kuachiwa kinamasi chake. Nawe mzazi, bondeni kwenu mmepanda nini?