Yusuf Islam na Magazeti ya London

Tarehe 21 Septemba 2004, ndege ya abiria iliyotoka London kwenda Washington iliamriwa itue Bangor, katika jimbo la Maine, kwa kuwa miongoni mwa abiria wake alikuwamo Yusuf Islam, mwimbaji aliyevuma kwa jina la Cat Stevens kabla ya kusilimu mwaka 1977. Alihojiwa, akarudishwa Uingereza. Hakushitakiwa kwa kosa lolote.

Mwezi uliofuata magazeti mawili ya London, The Sun na The Sunday Times, yaliandika kwamba Marekani ilifanya vema kumzuia, yakimhusisha na kuunga mkono ugaidi. Ndugu msomaji, lizingatie jambo hili: shaka ya serikali inageuzwa habari, kisha habari hiyo inafanywa ushahidi wa shaka ile ile! Wala maoni yake hayakuwa siri. Aliyalaani hadharani mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na sehemu ya mapato ya nyimbo zake akawapa waathirika. Mtu aliyesema waziwazi namna hiyo, anapoambiwa na gazeti kuwa moyoni anaamini kinyume chake, atajitetea kwa maneno gani tena?

Wengi wetu tungenyamaza na kumwachia Mwenyezi Mungu. Yeye alifungua madai. Sheria ya kashfa ya Uingereza humtaka aliyetuhumu ndiye athibitishe, jambo lisilo geni kwetu, kwani katika fiqhi pia mzigo wa bayana humwangukia mwenye kudai. Februari 2005, kabla ya hukumu, magazeti yalikubali kumlipa fidia na kumwomba radhi. Fedha hizo aliahidi kuwapa mayatima wa tsunami ya Desemba 2004, wimbi lililofika hata pwani yetu. Hata hivyo The Sunday Times lilishikilia kuwa halikukubaliana na tafsiri ya mawakili wake, na kwamba limeitazama kesi hiyo kwa mtazamo wa kiutendaji tu.

Desemba 2006 aliruhusiwa kuingia Marekani. Mwaka 2008 ilimbidi adai tena, safari hii dhidi ya shirika la habari lililodai kuwa hazungumzi na wanawake wasiojisitiri, na akalipwa.

Yeye alikuwa na mali ya kuwalipa mawakili. Imamu wa mtaani akiandikwa vivyo hivyo, kesho yake gazeti hufungiwa maandazi, na waliolisoma hawarudi kuuliza.